Mwandiko wa Baba Ndani ya Saa ya Mwalimu

Haya. Tangu nirudi hamjaniacha nipumue kwenye kikundi chetu cha manesi: umepata saa? umepata mume? mbona kimya? Najua aliyewachochea ni Felista, maana alinilaza kwake Tabata na aliona nilivyokuwa nikirudi jioni miguu imevimba kama ya mjamzito wa miezi tisa. Nimeamua niandike yote mara moja, msome, kisha mniache nilale.

Ugonjwa wangu wa saa mnaujua. Kuna manesi wastaafu wanaofuga kuku. Mie nafuga saa za zamani za mkono, za kiume, za stenlesi, zile za otomatiki zisizotaka betri wala kutiwa ufunguo. Unaivaa, unatembea, kile kibawa cha ndani kinazunguka na saa inajijaza yenyewe. Ukiivua siku mbili inasimama. Ninazo thelathini na moja na ninazivaa kwa zamu. Marehemu baba yangu, Mzee Kassim, alikuwa fundi saa pale Kinondoni, na ugonjwa nimeutoa kwake.

Safari yenyewe ilianzia kwenye kosa langu. Kila ninaponunua saa huwa naufungua mfuniko wa nyuma na kuusugua ndani kwa dawa ya kung'arishia, kwa sababu ndani huwa na mikwaruzo na mie sipendi uchafu. Mwezi uliopita nilikuwa barazani nasugua, Shangazi Zena yupo kwenye kiti chake. Huyu ni dada yake baba. Ndiye aliyenilea, na sasa namuuguza mie. Moyo wake umechoka. Daktari ameshanieleza, na nyie mnajua daktari akishaanza kuongea taratibu maana yake nini.

Akaniuliza, "Unafuta nini hapo?"

"Mikwaruzo, Shangazi."

"Mikwaruzo! Hayo si maandishi ya mafundi? Kila fundi akifungua saa huandika humo ndani, herufi yake na mwaka, ili ajaye ajue nani alipita. Baba yako alikuwa akiandika K, na kinukta chini."

Nikabaki nimeshika kitambaa. Ni kama faili la mgonjwa, jamani. Mie, nesi wa miaka thelathini na tano kazini, nimechoma mafaili thelathini na moja kwa kupenda usafi.

Hapo Shangazi akasema jambo ambalo hajawahi kulisema: anatamani auone mwandiko wa kaka yake kabla hajafa. Kwetu hakuna hata barua, mafuriko yalichukua sanduku lote. Na mnajua kwa nini jambo hili lilinichoma. Baba alikula mchana kwa Shangazi, jioni akaanguka, usiku akafariki, mtu mzima mwenye nguvu zake. Mie nilikuwa bweni, kidato cha pili. Mdogo wangu Hamisi alikuwa na miaka kumi, alikuwepo kwenye chakula kile, na matangani akasikia watu wazima wakinong'ona kuwa Zena kamlisha kitu kaka yake. Akalishika neno hilo mpaka leo ana wajukuu. Anakaa Kihonda, hapa hapa Morogoro, na hajawahi kuingia chumbani kwa Shangazi kumjulia hali. Nimemwambia mara ngapi kuwa watu hufa ghafla. Ananijibu, "Dada, wewe hukuwepo."

Nikamuuliza Shangazi anamkumbuka mteja gani wa baba. Akamtaja mmoja tu: Mwalimu Mapunda, aliyehamia Segerea, mtu wa otomatiki ya stenlesi yenye uso wa bluu, aliyekuwa akiileta kwa baba kila mwaka na hakumruhusu fundi mwingine aiguse.

Morogoro mpaka Mbezi

Nilimwachia jirani dawa za Shangazi na maelekezo kama nakabidhi wodi. Basi liliondoka alfajiri, likapasuka tairi kabla ya Chalinze. Tairi la akiba nalo halikuwa na upepo, kwa hiyo tulikaa chini ya jua saa mbili unusu tukiwaangalia watu wengine wakipita kwenda wanakokwenda.

Abiria mwenzangu, mama mmoja mwenye kuku wawili kwenye kapu, aliiona saa mkononi mwangu akaniuliza kama ni ya marehemu. Nikamwambia ni yangu. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Pole dada, utazoea." Sikuwa na nguvu ya kumwelewesha, nikapokea pole yangu. Mbezi nilifika saa nane, nikala chapati mbili na supu iliyopoa, nikapanda bajaji kupitia Kinyerezi.

Segerea, nyumba yenye geti la kijani

Nilikuwa na maelekezo ya Shangazi ya miaka kumi na tano iliyopita: pita gereza, uliza kanisa, hesabu nyumba nne. Nyumba nne zimekuwa arobaini. Niliuliza maduka sita, na kila duka lilinirudisha kwa lile nililotoka.

Nilipompata Mama Mapunda jua lilikuwa linaanza kushuka. Ni bibi mfupi, msafi, kutoka Songea, alikuwa anachambua maharage uani. Nikamwamkia shikamoo, nikakaribishwa, nikaambiwa Mwalimu alishafariki, nikatoa pole. Kisha mie kwa uchovu wangu nikaenda moja kwa moja kwenye shida yangu.

"Mama, nimetoka Morogoro kwa ajili ya saa ya Mwalimu."

Akaacha maharage. "Saa ipi?"

"Ile ya stenlesi, ya bluu. Ningependa niishike tu, niangalie nyuma."

"Nyuma kuna nini?"

"Kuna herufi, Mama. Ya mtu ninayempenda sana."

Mnacheka. Mie sikuona kosa langu mpaka bibi wa watu aliposimama, kashika ungo, akasema kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo ni wewe. Miaka yote ile ya semina za Morogoro." Kumbe Mwalimu alikuwa akija kwetu kusahihisha mitihani, na huyu mama alikuwa ameishi na wasiwasi wake bila jina wala sura. Sasa sura imefika yenyewe getini na mkoba.

Nilijieleza kwa nusu saa. Nikamtajia baba, meza yake ya Kinondoni, Shangazi. Alipolisikia jina la Fundi Kassim ndipo uso ukamlegea. Akakaa, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na sidhani yote yalikuwa ya kicheko. Akanipa kande za nazi, nikala sahani mbili.

Lakini saa haikuwepo. Baada ya arobaini alimpa mpwa wa marehemu, mchongaji wa vinyago Mwenge, anayeitwa Beno. "Ilikuwa imesimama, nikajua imekufa na mwenyewe," alisema. Sikumwambia kuwa ilisimama kwa sababu tu hakukuwa na mkono wa kuitembeza. Kwa nini nimwongezee lingine la kujutia?

Mwenge

Asubuhi ya pili. Kulala kwa Felista ni kuzuri isipokuwa anakoroma, na hili nalisema hapa mbele ya wote.

Mwenge nilifika saa tatu, Beno akafika saa saba. Alikuwa amekwenda kuchukua mpingo, wakaniambia atarudi sasa hivi, na sasa hivi ya Dar nyie mnaijua. Nilikaa kwenye kigogo cha mti kati ya twiga thelathini. Wachongaji waliposikia natafuta saa ya Beno wakaniletea saa za ukutani za kuchonga, zenye ramani ya Afrika, zenye simba, zenye simba juu ya ramani ya Afrika. Kila niliyemkatalia aliniletea kubwa zaidi. Wanasema mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Mie nilichoka kabla ya kupata, mtanisamehe.

Beno mwenyewe ni mpole, mikono imejaa vumbi jeusi. "Ile saa, Mama? Mie siwezi kuvaa saa kazini. Unapiga patasi hivi, mkono unatikisika, ile kitu ndani inalia kra kra kra kama panya. Nikampa mteja wangu mmoja wa Msasani, braza Edo, anakusanyaga saa za kizamani. Akanipa simu hii, nami nikampa na kinyago juu."

Nilimwomba ampigie. Braza Edo akasema nije, yupo nyumbani kesho baada ya chakula cha mchana.

Nikiwa narudi nilishuka Kinondoni, sijui kwa nini. Ilipokuwa meza ya baba kuna dada anauza makava ya simu. Nilisimama hapo mpaka akaniuliza nataka la simu gani, nikanunua moja nisilolihitaji.

Msasani

Siku ya tatu magoti yalikataa kazi. Nilifika kwenye geti refu jeusi, mlinzi akanichungulia toka kichwani hadi kwenye makubazi.

"Umechelewa," akasema. "Dada wa kazi alitakiwa saa mbili."

"Mwanangu, nina miaka sitini na moja."

"Aa, shikamoo. Basi wa kupika?"

Edo mwenyewe ndiye aliyetoka kuniokoa. Ni kijana wa miaka kama thelathini na tano, mstaarabu, shikamoo yake imenyooka. Tukakaa barazani, nikaletewa kahawa ndani ya kikombe cha ukubwa wa kofia ya sindano, na biskuti moja. Aliponitolea saa zake, kumi na moja, zimelala kwenye sanduku la mpingo, nilisahau njaa. Tuliongea kama ndugu waliopotezana: vioo, mikanda, vibawa vinavyolegea. Hajawahi kukutana na mwanamke mwenye ugonjwa huu. Kisha akaniwekea mkononi ile ya Mwalimu, uso wa bluu, nzito, inatembea.

Nikamweleza kila kitu. Akasema, "Ngoja niifungue mwenyewe, Mama, utapenda. Ndani nimeitengeneza vizuri kabisa."

Aliposema vile tu nikajua. Akazungusha mfuniko, akaugeuza. Uling'aa kama sahani ya harusi, niliona jicho langu ndani yake. Hakuna K, hakuna kinukta, hakuna hata alama ya ukucha.

Nilitaka kumzaba kibao, nawaambia kweli. Siku tatu, tairi, kuambiwa hawara, kuambiwa dada wa kazi, halafu sahani ya harusi. Nikajiinamia nikalia pale pale mbele ya mtoto wa watu.

"Nimeharibu, Mama?"

"Umeharibu moja," nikamwambia. "Mie nimeharibu thelathini na moja."

Akakuna kichwa. Kisha akasema si yeye aliyesugua, ni fundi wake wa Temeke, na fundi yule hagusi saa kabla hajaipiga picha. Akajaribu kumpigia, simu imezimwa. Akanichorea njia kwenye karatasi na kuniitia bajaji.

Temeke, kwa fundi Saidi

Kibanda cha fundi Saidi kipo karibu na soko la Tandika. Ni mtu wa makamo, mnene, kavaa lenzi yake jichoni. Nilimkuta kwenye ugomvi. Mteja mmoja alikuwa anapaza sauti, "Umenibadilishia mashine! Yangu haikuwa na kutu!" Saidi akafungua kitabu chenye picha zilizochapwa, akamwonyesha: hii saa yako siku uliyoileta, hii kutu yako. Mteja akaondoka ananung'unika.

"Umeona, Mama? Ndiyo maana napiga picha. Dar hii fundi bila ushahidi atakula mawe."

Nikamwambia naitaka picha ya ile ya bluu ya Edo. Akasema ipo, lakini haijachapwa, imo kwenye simu, na simu kioo kimepasuka, ipo kwa fundi simu upande wa pili wa soko. Fundi naye ana fundi wake. Na fundi simu alikuwa amekwenda kuswali, kisha kula, kisha hakuna aliyejua. Nilingoja mpaka alasiri ikaisha. Nilikula mihogo ya kukaanga na kachumbari, nikanywa supu ya pweza, na kwa mara ya kwanza toka Morogoro nilishiba chakula kilichokuwa cha moto.

Simu ilirudi. Saidi akatafuta, akapitisha mamia ya saa kwa kidole chake kinene, akasimama. "Hii."

Kona moja imeliwa na kivuli cha gumba lake, lakini sehemu nyingine yote ilisomeka. Zilikuwa K tisa, moja chini ya nyingine, kila moja na kinukta chake na tarakimu mbili za mwaka. Mkono wa baba yangu. Nikaomba aikuze, nikamshukuru Mungu, na kwa mazoea tu nikaanza kuisoma kama ninavyosoma chati ya mgonjwa, kutoka juu kwenda chini.

Sita za kwanza zimenyooka, zimelala kidogo kulia. Ya saba mstari wake umekatika katikati. Ya nane ni kubwa kupita zote na imetetemeka kama grafu ya homa. Ya tisa, ya mwaka ule aliokufa, imelalia kushoto.

"Hawa watatu wa mwisho ni mafundi wengine," Saidi akasema. "Labda wanafunzi wake, au huyu wa nane alikuwa mlevi."

"Hapana, fundi. Ni mtu mmoja. Angalia ile tarakimu 7 kwenye miaka, kila mahali ina kamstari katikati. Angalia kinukta. Ni mtu mmoja na alikuwa mgonjwa."

Nyie mmewauguza wangapi wa kiharusi? Mmewashika mikono wangapi, mkawafundisha kuandika upya kwa mkono wa pili? Baba alipata kidogo, akanyamaza. Akapata tena, akanyamaza. Mwaka wa mwisho mkono wa kulia ulishamkatalia na alikuwa anatengeneza saa, vitu vidogo kuliko punje ya mchele, kwa mkono wa kushoto, huku mie bweni naandika barua za kuomba sabuni. Hakumwambia mtu. Nilimkasirikia marehemu pale sokoni, nikamkasirikia kweli kweli, na hapo hapo nikamwonea huruma.

Saidi aliniwekea kiti kivulini. Kisha akanisindikiza mpaka steshenari, tukaichapa picha kubwa, ukurasa mzima.

Nyumbani

Kurudi sina la kusimulia, nililala njia nzima na mdomo wazi. Nikiwa stendi ya Msamvu nilimpigia Hamisi, nikamwambia aje, kuna kitu cha baba. Alikuja. Alisimama kwenye mlango wa chumba, nje ya kizingiti, mikono nyuma.

Shangazi nilimwinua kwa mito miwili, nikampa miwani na ile karatasi. Alipitisha kidole kwenye kila K, midomo inacheza. Alipofika chini akauliza kwa nini hii imelala upande mwingine. Nikamweleza polepole, nikipaza sauti ili na wa mlangoni asikie: kiharusi kidogo, kisha kingine, kisha mkono wa kushoto, kisha kile kikubwa kilichomwangusha jioni ile.

Shangazi akaiweka karatasi kifuani.

"Siku ile kwangu alikula kwa kushoto," akasema. "Nilimwekea wali na samaki, akanyoosha mkono wa kushoto kwenye sinia, mbele ya wageni. Nikamgombeza. Nikamwambia, Kassim, unakula kama mtu asiyefunzwa, utawafundisha nini watoto? Akacheka tu. Akaendelea kula hivyo hivyo. Neno langu la mwisho kwa kaka yangu ni kumwambia hana adabu."

Alilia kama mtoto, na mie sikuwa na dawa ya kumpa. Nilimshika mkono tu, nikasikia mapigo yake yanavyorukaruka.

Ndipo Hamisi akaongea kule mlangoni.

"Mie nilimwona. Sie watoto tulikuwa kwenye sinia letu, nikamwona baba anakula kwa kushoto. Nilidhani anatuchekesha. Na mie nikala kwa kushoto, ukanichapa kofi la mkono, Shangazi."

"Nilikuchapa," Shangazi akasema. "Nakumbuka."

Hamisi akavua viatu, akaingia.